Karatasi Niliyomjazia Muzee Udaga

Mbele ya kusoma, angalia kucha zako. Kama zimepita nyama ya kidole, weka hii karatasi chini, tafuta wembe, ukate, kisha urudi. Nitangoja. Nimefanya kazi ya kine, ile fiziotherapia, hapa Bunia miaka mingi, nimenyoosha miguu ya watoto, viuno vya wachimba dhahabu, shingo za wamama wanaobeba mihogo toka Bogoro, na ninawaambia: mugonjwa atasahau jina lako, atasahau na sura yako, lakini kucha iliyomuingia kwenye nyama hataisahau. Kuna mama moja, mpaka leo akiniona sokoni anashika bega lake.

Walimu wenu waliniomba niwaandikie nyinyi munaoanza, niwaambie namna kazi ilikuwa zamani. Vizuri. Lakini ninawajua. Mukisikia mutu muzima anasema "zamani", munafikiri sasa ataanza kujisifu mpaka chakula ipoe. Wapi! Mimi niko na jambo moja nililofanya vibaya, nikalifanya kwa kalamu nzuri na mwandiko safi, na ndilo ninataka kuwaachia. Nitalifikia. Mukiona ninazunguka, mujue ni juu linaniumiza.

Miaka ile ya sabini watu wengi hawakujua kine ni kazi gani. Baba yangu, mfanyabiashara aliyetoka Butembo na chumvi yake na sabuni yake akaja kukaa Bunia, aliambia wenzake: "Binti yangu Masika anakanda watu wa serikali." Wenzake wakaniangalia vibaya. Nilimaliza mwaka mzima ninaeleza kwamba kukanda ni sehemu ndogo tu, kwamba tunafundisha muguu uliosahau kutembea ukumbuke, kwamba mukono uliotoka kwenye platre ya mufupa uliovunjika ni sawa na mutu aliyetoka gerezani, hajui tena njia ya nyumbani. Baba akasikiliza yote, kisha akasema, "Sawa. Unakanda na kusema."

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya hospitali, zamani kilikuwa depo ya kuwekea vitu. Meza mbili za mbao, moja inacheza. Nguzo mbili za mukaratusi zilizolazwa sambamba, wagonjwa wanazishika wakijifunza kutembea, na mikono yao ilikuwa imezisugua mpaka zinangaa. Mifuko ya mchanga ya kufundisha misuli tuliishona sisi wenyewe kwa miguu ya suruali za zamani, na mchanga ulitoka mutoni Nyamukau. Ndiyo mashini yetu yote.

Na mukubwa wetu alikuwa Muzee Udaga. Hakuwa muzee kwa miaka, labda alikuwa na arobaini na kitu, lakini mutu anaitwa muzee kwa namna anavyosimama mbele ya kazi. Alikuwa mutu wa upande wa Mahagi, Mukatoliki wa kweli, mufupi, mupana wa mabega, na mikono mikubwa kupita mwili. Alikuwa anacheka na kila mutu. Mimi aliniita "binti wa chumvi".

Siku zangu za kwanza nilikuwa na brevé mpya, cheti cha kazi, ndani ya bahasha na kiburi kibichi. Mfanyabiashara moja munene, aliyevunjika paja, aliteleza toka kwenye ile meza inayocheza akakaa chini. Muzee Udaga alikuwa nje. Nikajiambia, eh, Masika, leo waone. Nikapiga magoti, nikamukumbatia chini ya kwapa, nikavuta. Alipanda kidogo. Kisha akashuka, na mimi chini yake. Muke wake alikuwa mlangoni na sufuria ya sombe, akapiga kelele: "Mama yangu! Banaua bwana yangu!"

Muzee Udaga akaingia. Akatuangalia wote wawili pale chini, akakuna kichwa.

"Sasa hapa," akasema, "mugonjwa ni nani?"

Hakunikemea. Alimuita yule muke aweke sufuria, akamuita na kaka wa mugonjwa aliyekuwa analala kivulini. Nyinyi munajua namna hospitali zetu zinaishi: mugonjwa hakuji pekee yake, anakuja na watu wake, gardemalade, wanapika kule nyuma, wanalala chini ya kitanda, wanafua. Wazungu waliotufundisha waliwaona kama watu wa kufukuza. Muzee Udaga aliwaona kama wafanyakazi. Akamuweka kaka upande wa mabega, muke kwenye muguu uliovunjika, mimi kiunoni, yeye upande ule mwingine. "Moya, mbili, yetu!" Kwenye "yetu" tukanyanyua wote, na yule munene akapanda sawa mutoto.

Kisha Muzee akanivuta pembeni. "Sikiliza, binti wa chumvi. Hapa kwetu hakuna mutu anainuaka mutu pekee yake. Ata mimi. Ukiinua pekee, leo utasifiwa, kesho utalala kwenye meza yangu, na niko na meza moja tu nzuri." Ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya chumba kile, na hatukuivunja hata siku moja, mimi wala yeye wala mwingine yeyote. Mushike hapo. Nitawauliza mbele.

Alinifundisha na mengine. Wakati ule tulikuwa tunatia joto kwenye misuli kwa matofali yaliyochomwa, tunayafunga ndani ya taulo. Nilimuunguza mwalimu moja wa shule mgongoni, akaondoka na alama ya mraba sawa stampi ya posta. Muzee akaniambia tangu leo kila tofali litakaa kwanza juu ya tumbo langu mwenyewe, nihesabu mpaka ishirini. Tumbo langu lilijifunza haraka sana. Siku za Posho, ndiyo Jumamosi, alinituma machinjioni, niangalie namna nyama inashikana na mufupa wa ng'ombe, wachinjaji wananicheka: "Madame kine anatafuta nyama laini ya filé!" Nilirudi na damu kwenye viatu na kitu ambacho kitabu hakikunipa.

Sasa ajali iliyomupata. Muzee Udaga alikuwa na mugonjwa huko Mambasa, mulimaji aliyekatwa muguu, na magongo yake yalikuwa yamemalizika kuchongwa hapa. Mutu mwingine angeyatuma na dereva. Yeye akasema, "Magongo hayatumwi sawa barua. Lazima uone bega la mutu." Akapanda kamyo, lori la mizigo, akaenda, akayapima, akayapunguza urefu wa kidole kimoja, akamuona yule mutu anatembea. Wakati wa kurudi kamyo iliyobeba mbao ililala ndani ya matope. Yeye alikuwa juu ya mzigo. Mukono wake wa kuume ulilala chini ya ubao mpaka wapitaji walipokuja kumutoa. Walimufikisha Bunia baada ya siku mbili.

Mukono haukukatwa, tulimushukuru Mungu. Lakini ulipona vibaya. Mukono ulipanda mpaka usawa wa kifua, bega likakataa. Kidole gumba na kile cha kwanza vilikamata, vile vitatu vingine vililala ndani ya kiganja, havikuamka tena.

Nani alimutibu? Mimi. Kila asubuhi, miezi na miezi, Muzee Udaga alilala kwenye meza yake mwenyewe na mimi nikashika mukono wake, na yeye akanifundisha kazi juu ya mwili wake. "Hapana, chini kidogo. Hapo. Sasa ninalia. Usiache juu ya kilio changu, acha kama nimenyamaza." Nimesoma vitabu, nimefanya staji ya mafunzo, lakini yote ninayojua juu ya bega nilijulia pale. Mukono ule niliujua kupita wangu.

Sasa sikilizeni vizuri, juu hii inaweza kuwagusa siku moja. Kulikuwa na kanuni. Mutu wa kazi ya afya aliyeacha kazi kwa ugonjwa ao kwa kilema kupita miezi sita, ruhusa yake ya kufanya kazi inalala. Kuiamsha, lazima apite mbele ya komisyo, tume ya kupima wafanyakazi, na komisyo ilikuwa inatoka kwa wakubwa wa region, mkoa wetu, mara moja kwa mwaka, kama barabara imekubali. Dosié yake, ndiyo faili, iwe na barua ya munganga, barua yake mwenyewe, na fomu ya kurasa mbili anayoijaza mukubwa wa servisi yake, ndiyo idara yake, inafungwa kwa bahasha. Mpaka siku ile haruhusiwi kugusa mugonjwa. Wakimukataa, angoje komisyo ingine. Wakimukataa mara mbili, ao asipoonekana, brevé yake imekufa, arudi kwenye benchi ya shule na watoto.

Na mukubwa wa servisi alikuwa nani? Alikuwa yeye. Na kama yeye hayuko, alikuwa nani? Alikuwa mimi.

Hakukaa nyumbani akingoja. Kila asubuhi alikuja, akakaa juu ya kiti kidogo, mikono nyuma, akiangalia. Tulikuwa na mutoto moja wa Bogoro, Safi, miguu yake ilikauka kwa polio, na mama yake tulimuita Mama Safi. Muzee akaanza kumusemesha yule mama. "Weka kidole gumba pale nyuma ya goti. Hapana, usisukume, ngoja yeye akusukume." Mara akaweka vidole vyake vya kushoto juu ya mukono wa mama, akamuongoza. Nikamukumbusha sheria.

"Sheria inasema nisiguse mugonjwa," akanijibu. "Huyu mama iko mugonjwa?"

Mama Safi alicheka mpaka machozi. Na ninawaambia ukweli: mutoto yule alisimama mapema kupita wote niliowashika kwa mikono yangu miwili mizima. Juu mama alirudi naye nyumbani na kine ndani ya vidole vyake, akafanya asubuhi na magaribi, na mimi wagonjwa wangu nilikuwa ninawaona mara mbili kwa juma. Siku hizi munafundishwa darasani kwamba familia lazima ifundishwe. Mimi niliiona siku ile na sikujua ninaona nini.

Fomu ikafika. Direktere wa hospitali aliniita ofisini, akanipa, akaniita raia, sawa tulivyoitana wote miaka ile, akaniambia maneno haya: "Citoyenne Masika, jaza ukweli. Usijaze kwa huruma. Jina lako ndilo litakuwa chini." Nikaenda nikakaa mezani, meza ya Muzee Udaga, kiti cha Muzee Udaga. Nikatoa kalamu.

Swali la kwanza mpaka la sita yalikuwa mepesi. Anasimama muda mrefu? Ndiyo. Anaona, anasikia? Ndiyo. Anajua kazi? Niliandika ndiyo kwa wino mwingi. Kisha la saba: Anaweza kuinua mugonjwa mukubwa toka chini mpaka kitandani, pekee yake, bila musaada?

 Nilifikiri mukono ule, bega linalokataa kwenye kifua, vidole vitatu vilivyolala. Direktere amesema ukweli. Ukweli ni nini? Hawezi. Nikaandika Non, ndiyo hapana.

Watoto wangu, nimewaambia mushike hapo, sasa ninawauliza. Mimi mwenyewe, na mikono miwili, ningeweza? Niliwahi kujaribu, nikalala chini ya tumbo la mfanyabiashara. Yeye mbele ya ajali, na mabega yale, alifanya siku moja? Hata moja. Hakuna mutu wa chumba kile aliyeinua mutu pekee yake, ilikatazwa, na aliyeikataza ni yule yule ambaye mimi ninamuhukumu nayo. Swali lile liliandikwa na mutu ambaye hajawahi kuona hospitali yetu, na mimi niliyeishi ndani yake nikalijibu kama mgeni. Jibu lilikuwa kweli, na ndani ya ile kweli kulikuwa uongo mukubwa kupita yote niliyosema maishani.

Munataka kujua juu ya nini? Nimejiuliza sana. Nilimuogopa direktere, hiyo ni sehemu. Niliheshimu karatasi, hiyo sehemu ingine. Tulilelewa hivyo, karatasi ikiuliza, mutu anasimama wima. Lakini iko na sehemu ya tatu, na sitaificha, nimezeeka sana kwa kuficha. Kile kiti kilikuwa kitamu. Watu walianza kuniita Mama Chef, mama mukubwa wa kazi. Sikusema moyoni "nitamuzuia". Hapana, haiji hivyo. Inakuja kama mutu anayekusaidia kushika kalamu.

Nikafunga bahasha. Saa ya chakula Muzee Udaga akaniletea muhindi wa kuchoma, akauvunja juu ya goti, nusu yangu.

"Uliandika?"

"Niliandika, Muzee."

"Aksanti, binti yangu."

Nikala muhindi wake. Sikumwambia. Ningeweza kusema tu, "Muzee, swali la saba limenishinda, tujibu namna gani?" Angecheka, angenipa maneno, tungeandika pamoja. 

Komisyo ikaja, watu watatu, munganga moja na wakubwa wawili wa ofisi, suruali zao zimejaa matope ya barabara. Walikaa ndani ya chumba chetu. Muzee Udaga alivaa abakosi yake, suti ya siku kubwa, shati safi, viatu vimepakwa rangi. Walimuuliza majina ya misuli, akayataja sawa mutu anaita watoto wake. Walimupa mgonjwa wa kupima, akamupima kwa mukono wa kushoto na kigasha cha kuume, yule mugonjwa akasema hajasikia maumivu. Munganga alikuwa anafurahi, niliona. Kisha akafungua bahasha yangu, akageuza ukurasa wa pili, akasimama hapo.

"Citoyen Udaga, hapa mutu wa servisi yako mwenyewe anasema hauwezi kuinua mugonjwa."

Muzee Udaga akageuka akaniangalia. Nilikuwa nimesimama karibu na nguzo za mukaratusi. Hakukasirika, ningependa akasirike. Alikuwa kama mutu anayetafuta kitu alichoweka mwenyewe mahali na hakikuti. Angeweza kusema. Maneno yale ya sheria yetu yalikuwa yake, angeyatamka tu, na mimi ningekuwa nimeumbuka mbele ya watu. Akarudisha uso kwa munganga.

"Kama Masika ameandika," akasema, "ni kweli."

Wakaandika "inapte". Maana yake, hafai. Alisimama, akawapa mukono wote watatu, mukono wa kushoto, akanipa na mimi. Juma lile lile akapanda kamyo na bibi yake na mizigo, akarudi Mahagi kwenye shamba la baba yake.

Nilibaki Mama Chef. Wamama walikuwa wanakuja wanatupa macho kwenye kile kiti kidogo. "Muzee iko wapi?" Ninasema ameenda likizo. Siku moja Mama Safi alirudi toka Bogoro na mutoto kwa kupima viatu vyake. Tulikuwa na mugonjwa muzito wa kuhamisha, nikawaita watu wake, nikamuita na Mama Safi atusaidie. Moya, mbili, yetu. Tulipomulaza, Mama Safi akajipangusa jasho.

"Mama Chef, banasema mulimukatalia Muzee juu hawezi kuinua mutu. Ni kweli?"

"Ni komisyo, mama. Si mimi."

"Ah bon." Akafunga kikwembe chake vizuri. "Na sasa huyu mutu, ni nani amemuinua? Siye. Siye ndiyo tulikuwa mikono yake, tangu zamani, mbele mukono yake ata haijavunjika. Mbona ile komisyo haikutuuliza siye?"

Mutu asiyejua kusoma fomu alisoma ile fomu vizuri kupita mimi. Nilitoka nje nikaenda nyuma ya depo nikalia, na si kilio cha adabu. Nililia kwa sauti.

Muelewe nilichojifunza, juu ndiyo kazi iliyonileta hapa. Siku moja mtakaa kwenye kiti. Mwenzenu atarudi toka ajali, ao macho yatapunguka, ao atatembea na fimbo, na nyinyi mtapewa karatasi inayouliza mukono wake uko namna gani. Usijibu mukono, jibu kazi. Andika pembeni kama nafasi haitoshi, bandika karatasi ingine, eleza hapa kwetu tunafanyaka hivi na hivi, na yeye anaweza hivi. Na mbele ya kufunga bahasha, mwite, msomee. Karatasi inayomuhusu mutu na ambayo unaogopa kumusomea, chana.

Mwaka uliofuata nikaandika. Kurasa tano, mwandiko mudogo, toka sheria ya chumba chetu mpaka Mama Safi. Komisyo ilipokuja nikaomba kusema. Niliwaambia, "Wakubwa, swali la saba muniulize mimi. Jibu langu ni Non. Mumuite direktere aje ajaribu. Kama jibu lile linamufukuza Udaga, litufukuze wote leo." Direktere alikohoa. Munganga, ni yule yule, akageuza kurasa zangu tano. "Na mwaka jana ulikuwa wapi?" akaniuliza.  Lakini wakaandika, hata bila Muzee kuwepo, juu walikuwa wamemuona kwa macho yao: anaruhusiwa, bila masharti. Stampi mbili, saini tatu.

Sikutaka kuituma ile karatasi. Nikaomba ruhusa ya siku nne, nikamuchukua binti yangu Kahindo, alikuwa na miaka sita na hakukuwa na mutu wa kumuachia, tukapanda kamyo ya wachuuzi mpaka Mahagi. Njiani nilijifundisha maneno. Nitapiga magoti. Nitasema kila kitu, na kiti, na Mama Chef, na muhindi.

Tulipofika Kahindo hakungoja. Aliruka toka nyuma ya kamyo, akaangukia muguu vibaya, akaanza kulia. Nikamubeba mpaka nyumbani kwa Muzee Udaga. Alikuwa ameketi kwenye baraza, anasafisha maharagi kwa mukono wa kushoto. Alisimama.

"Binti wa chumvi! Karibu, karibu. Bibi, ona nani amefika!"

Alinipokea kama nilitoka kwake jana. Nikapiga magoti kweli, nikasema yote, yeye ananiambia simama, simama, mavazi yatachafuka. Nikampa karatasi. Aliisoma polepole, ameishika kwa vidole viwili vya kuume, akaisoma mara ya pili. Macho yake yakaloana.

"Bila masharti," akasema. "Kumbe bado wananitaka."

"Tunakutaka, Muzee. Kiti chako kiko. Rudi tu."

"Nitarudi." Akacheka, kile kicheko chake. "Bibi, tafuta abakosi yangu!" Kahindo alikuwa bado analia, amekaa katikati yetu juu ya mkeka, kifundo cha muguu kimeanza kuvimba. Muzee Udaga akaweka karatasi pembeni, akainama, akanyoosha mukono wake wa kuume. "Lete, mutoto yangu. Babu aone."

Na mimi nikamuvuta Kahindo.

Sikufikiri. Mukono wangu ulipita mbele ya wake, nikamuweka mutoto kwenye mapaja yangu, nikashika kifundo mwenyewe. Nikasema, kwa heshima sana, "Acha, Muzee, usijisumbue, ni kidogo tu."

Mukono wake ulibaki pale, vidole viwili vimefunguka, vitatu vimelala. Kisha akaurudisha kwenye goti lake.

"Iko muzuri," akasema. "Fanya weye."

Nilifanya. Bibi yake alitoka na abakosi, Muzee akamwambia airudishe ndani. Tulikula, tukalala, kesho yake akatusindikiza mpaka kwenye kamyo na gunia ya maharagi. Hakurudi kazini, na mimi sikumuuliza ni juu ya nini.